Mbio Chini ya Tao la Upepo

Nchi ya Tukufuni huwezi kuiona kwenye ramani hata ukiitafuta kwa miwani miwili, ila watu wengi wanaosimuliwa habari zake huguna na kusema wanadhani waliwahi kupita hapo. Ni nchi yenye bahati. Ina mlima, ina mto, ina Wizara ya Elimu, Michezo na Shamrashamra, na ina shule za msingi nyingi ambazo kila mwaka, mwezi wa saba, hufanya siku ya michezo.

Zamani siku hiyo ilikuwa kitu kidogo. Watoto walikimbia, waliruka, walivuta kamba, mmoja alitapika kwa sababu alikula miwa kabla ya mbio, washindi wakapewa daftari na kalamu, watu wakaenda zao. Hakuna aliyejua kuwa kuna kasoro. Kisha Waziri akasafiri nje kwa siku tisa, na huko akaona mbio za watu wazima zikimalizikia chini ya tao kubwa la turubai lililojazwa upepo. Waliokuwa naye wanasema alitokwa na machozi. Aliporudi aliwaambia waandishi wa habari palepale uwanja wa ndege, kabla hata begi lake halijatoka, "Ndugu zangu, kumbe miaka yote hii sisi tulikuwa tunakimbia tu."

Kukimbia tu kukapigwa marufuku.

*

Waraka Namba 14 wa Utukufu wa Michezo ulifika Shule ya Msingi Udongo Mwekundu siku ya Jumatatu, ukiwa na kurasa thelathini na mbili na picha moja ya Waziri. Mwalimu mkuu, Bwana Sefu Mandondo, aliusoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, kisha akamwita Mwalimu Tausi Lukwaro na kumkabidhi wote.

"Mwalimu Tausi, hili ni la kwako."

"La kwangu lipi, mkuu?"

"Hili la upepo."

Mwalimu Tausi alikuwa mwalimu wa michezo wa shule hiyo kwa mwaka wa ishirini na saba. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye filimbi shingoni na sauti iliyokwaruza kwa kupigia kelele watoto wa mbali. Alikuwa amebakiza miaka minne na miezi miwili kustaafu, na katika maisha yake ya kazi alikwisha kupokea waraka wa kuamuru watoto wakimbie kwa kuimba, waraka wa kufuta huo wa kuimba, na waraka wa kuomba radhi kwa kuchelewa kwa waraka ambao haukuja kamwe. Kwa hiyo hakushangaa. Alikwenda nao nyumbani, akavua viatu, akausoma wote mpaka ukurasa wa thelathini na mbili. Baadaye watu walihesabu wakaona kwamba wilaya nzima ni yeye peke yake aliyefanya hivyo.

Waraka ulisema kila siku ya michezo sasa itapambwa kwa Vifaa vya Utukufu Vinavyojazwa Hewa. Vilikuwa vitano: tao la kumalizia mbio, simba wa kusimama, kombe la urefu wa mita nne, mikono miwili mikubwa inayopiga makofi yenyewe kwa mashine, na sanamu ya Mheshimiwa Waziri akiwa ameinua kidole gumba. Wilaya ilipewa seti moja, ambayo ingezungushwa shule hadi shule kwa lori, ikifuatana na Afisa Utukufu wa Wilaya. Kifungu cha tisa kilisema: "Muda wowote wa mbio utakaopimwa bila tao kuwa limesimama wakati mkimbiaji anapopita chini yake, ni muda batili."

Hapo Mwalimu Tausi aliuweka waraka mezani, akajisugua macho.

Kulikuwa na msichana wa darasa la saba aliyeitwa Zawena Kalinga. Mama yake ndiye aliyekuwa akipika uji wa shule, na Zawena mwenyewe alikuwa mtoto mkimya, mwenye magoti makubwa, ambaye darasani hakuna aliyemkumbuka. Ila alipokimbia watu waliacha walichokuwa wakifanya. Shule ya Vipaji vya Michezo, ile ya makao makuu, huchukua msichana mmoja kutoka kila wilaya, na sharti lake lilikuwa mita mia nane kwa dakika mbili na sekunde thelathini na tano, muda upimwe siku ya michezo, fomu isainiwe na afisa siku hiyohiyo. Zawena alikuwa akikimbia mazoezini kwa dakika mbili na sekunde thelathini na tatu. Katika miaka ishirini na saba, Mwalimu Tausi alikuwa hajapata mtoto wa namna hiyo, na alijua kabisa kwamba katika miaka minne na miezi miwili hatampata mwingine.

*

Lori lilifika saa moja asubuhi ya siku yenyewe. Akashuka Bwana Anselmo Chogo, Afisa Utukufu, kijana mnene mwenye suti ya rangi ya kijivu na mchoro wa uwanja mkononi. Mchoro ulikuwa wa Uwanja wa Taifa.

"Mwalimu, jukwaa la magharibi liko wapi?" aliuliza.

"Hatuna jukwaa, Bwana Afisa. Magharibi iko kule chooni."

Bwana Chogo aliangalia choo, akaangalia mchoro, akaandika kitu. Kisha kazi ikaanza, na ikafuata mchoro neno kwa neno. Mchoro ulisema simba awekwe mahali penye mchanga, kwa hiyo simba aliwekwa juu ya shimo la kurukia, na mchezo wa kuruka chini ukafutwa. Mashine za kupuliza hazikutakiwa kugusa vumbi, kwa hiyo magunia yote yalitandikwa chini yake, na mbio za magunia zikafutwa. Sanamu ya Waziri ilihitaji kamba imara, na kamba imara pale shuleni ilikuwa moja tu, kwa hiyo mchezo wa kuvuta kamba nao ukafutwa. Ilipofika saa tatu, siku ya michezo ilikuwa imependeza sana na haikuwa na mchezo hata mmoja uliobaki, isipokuwa mbio za kuzunguka uwanja, ambazo zilipona kwa sababu mchoro haukuonyesha kitu cha kuweka pale.

"Na mbio ziko namba ngapi kwenye ratiba?" Mwalimu Tausi aliuliza.

Bwana Chogo alifunua karatasi. Kulikuwa na mambo thelathini na moja: kuwasili kwa wageni waalikwa, kuwasili kwa wageni waalikwa zaidi, utambulisho, utambulisho wa waliochelewa utambulisho wa kwanza, na kadhalika. Alishusha kidole mpaka chini kabisa.

"Ziko hapa, mwalimu. Kwenye mengineyo."

*

Watoto mia sita walipangwa kwenye mistari kumpokea mgeni rasmi, Naibu Waziri, Mheshimiwa Gerevasi Nyundo, aliyetarajiwa saa tatu. Sanamu ya Waziri ilijaa vizuri, ikanyanyuka juu ya paa la madarasa na kidole gumba chake, na upepo wa asubuhi ukaanza kuiyumbisha. Bwana Chogo aliingiwa na hofu. Katika nchi ya Tukufuni, Waziri hayumbi.

"Nahitaji mtu wa kushika kamba," alisema. "Mwenye miguu imara." Akatembea mbele ya mistari akitazama miguu ya watoto, na bila shaka akasimama mbele ya Zawena. "Wewe. Njoo umshike Mheshimiwa."

Zawena alikwenda akaishika. Mwalimu Tausi aliona kutoka upande wa pili, akaja kwa hatua ndefu.

"Bwana Afisa, huyu ndiye mkimbiaji wetu. Hawezi kusimama juani mpaka mchana."

"Sasa si ndiyo vizuri? Hata upepo ukimvuta, atakwenda nao."

"Bwana Afisa."

"Mwalimu, nikimwachia mtoto huyu, nani atamshika Mheshimiwa? Tumwache aanguke? Niandike hivyo kwenye taarifa, kwamba Udongo Mwekundu walimwacha aanguke?"

Mwalimu Tausi alimsogelea Zawena. Aliichukua kamba mkononi mwa Zawena, akaizungusha mara mbili kwenye kiganja chake. "Nenda jikoni kwa mama yako," alimwambia. "Kaa kivulini. Kunywa uji nusu kikombe, usizidishe. Usiongee na mtu."

"Ndiyo, mwalimu."

Hivyo ndivyo Mwalimu Tausi Lukwaro alivyojikuta anamshika Waziri kuanzia saa tatu na robo. Kila upepo ulipovuma, Waziri alimvuta hatua moja, naye akamvuta Waziri hatua moja. Saa tano mabega yalianza kumuuma. Saa sita aliacha kuyasikia. Watoto wawili wa darasa la kwanza walianguka kwa jua wakapelekwa ofisini, na Bwana Chogo akaamuru nafasi zao zijazwe na wawili wa darasa la pili ili mstari usiwe na pengo.

*

Mgeni rasmi aliwasili saa saba na nusu, akiwa na magari sita. Aliteremka, akatazama simba, akatazama kombe, akamtazama kwa muda mrefu Waziri wa upepo, kisha akamwinamia kidogo. Baada ya utambulisho wa saa nzima alishika kipaza sauti.

"Itifaki imezingatiwa," alisema Mheshimiwa Nyundo. "Ndugu wananchi, nauliza swali. Mtoto anayekimbia bila tao, ana tofauti gani na mtu anayetoroka?"

Wazazi walitafakari. Mikono mikubwa ya upepo ikapiga makofi.

"Hana! Ukimwona mtoto wa nchi jirani anakimbia, unajiuliza, huyu kaiba nini? Lakini mtoto wa Tukufuni akipita chini ya tao, hata akiwa wa mwisho, unasema, naam, huyu amefika. Amefika wapi? Hilo si swali la leo."

Makofi ya mashine. Bwana Chogo aliitegesha ipige kila baada ya dakika nne, maana mtumaji wa vifaa alikuwa ametuma kitabu cha maelekezo kwa lugha ambayo wizarani hakuna aliyeijua, na dakika nne ndiyo namba iliyokuwa tayari. Wenzetu wa meza kuu waliokuwa wamesinzia walizinduka kila mara, wakapiga nao.

Kisha Naibu Waziri aliomba watu wote wasimame kwa dakika moja ya kumkumbuka aliyekuwa afisa elimu wa wilaya hiyo, mzee aliyefariki mwezi uliopita. Watu wakasimama, wakainamisha vichwa. Na hapo, kwa kuwa dakika nne zilikuwa zimetimia, mikono ile ikainuka taratibu na kupiga makofi mazito, pa, pa, pa, mara kumi na mbili.

Hakuna aliyethubutu kuinua uso. Mjane wa marehemu alikuwa amekaa safu ya pili. Alikunjua leso yake, akaikunja tena.

"Hata marehemu," alisema Mheshimiwa Nyundo baada ya kufikiri, "angefurahi."

Mwalimu Tausi alikuwa amefundishwa na marehemu. Aliikaza kamba mkononi akatazama chini, kwenye viatu vyake, mpaka hotuba ilipokwisha.

*

Zikafuata mbio za heshima. Viongozi saba walipangwa hatua kumi kutoka kwenye tao, mshereheshaji akahesabu moja mbili tatu, na Naibu Waziri akatembea akapita wa kwanza, kwa sababu wengine walisubiri. Akavishwa medali aliyokuwa amekuja nayo. Halafu wageni wakaelekea kwenye hema la chakula, na kwa kuwa soda zilikuwa za moto, ikaamriwa jenereta la mashine za kupuliza liondolewe uwanjani lipelekwe kwenye jokofu.

Mashine za kupuliza zikanyamaza moja baada ya nyingine. Simba aliinama polepole kama anayetafuta kitu alichodondosha, akalala kifudifudi kwenye shimo lake la mchanga. Kombe likajikunja katikati. Mikono ikaanza kupiga makofi ikashindwa kukutana. Waziri, kwa amri maalumu, alifungwa mdomo wa kuingizia upepo kwa mpira wa baiskeli ili abaki na heshima kidogo; alipwaya kiunoni lakini akabaki amesimama, na Mwalimu Tausi akaifunga kamba yake kwenye nguzo ya goli. Viganja vyake vilikuwa na michirizi miwili myekundu. Alikwenda kumtafuta Bwana Chogo, akamkuta anakula paja la kuku mlangoni mwa hema.

"Bwana Afisa, tumefika kwenye mengineyo."

"Mwalimu, mambo yamekwisha. Lori linaondoka saa kumi na moja."

"Mita mia nane. Ni mzunguko wa mara nne, hazifiki dakika tatu. Kisha unanisainia fomu."

Bwana Chogo alimtazama, na hakuwa mtu mbaya. Aliona mikono yake. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "ningekusaidia. Lakini tao limelala, si unaliona? Kifungu cha tisa. Muda wowote bila tao kusimama ni batili. Nikisaini, mimi ndiye nitakayelala."

"Jenereta lirudi kwa dakika tano."

"Wenyewe wanakunywa soda."

Mwalimu Tausi alisimama pale. Mchovu namna ile hana hasira. Ana mahesabu tu. Alikuwa ameusoma waraka wote, na kifungu cha tisa alikuwa amekisoma mara tatu.

"Kinasema liwe limesimama," alisema. "Kinasema lisimame kwa nini?"

"Kwa nini kivipi?"

"Kwa upepo? Kwa mti? Kwa kitu gani?"

Bwana Chogo aliacha kutafuna. Alichomoa waraka mfukoni, akaufungua pale penye kifungu cha tisa, ukurasa ambao ulikuwa bado umeshikana na mwenzake. Akasoma akichezesha midomo.

"Hakisemi," alikiri.

*

Mama Zawena alikuwa anaosha sufuria. Mwalimu Tausi alipomweleza, alijifuta mikono, akachukua mwiko wake wa kukorogea uji, ule mrefu kuliko mtoto, akauliza, "Tao lenyewe liko wapi?"

Wakaja wengine. Wazazi waliokuwa wamekaa chini ya ukuta tangu asubuhi walisimama wakajinyoosha. Mmoja alikuja na jembe, wengine wawili na fagio za chelewa zilizofungwa kwenye miti, mwalimu wa hesabu akaja na ile rula kubwa ya ubaoni, fundi wa baiskeli akaja na mikono mitupu lakini alikuwa mrefu. Walilinyanyua turubai kutoka chini, zito, la moto, lenye harufu ya mpira. Kwanza likainuka upande mmoja tu. Kisha upande wa pili. Wale waliokuwa katikati walizama humo ndani kabisa, wakabaki miguu tu inaonekana, na tao likasimama, limekunjamana usoni kama mtu aliyeamshwa, lakini limesimama.

Mwalimu mkuu alikuwa ametoka kwenye hema akaona. Alisimama mbali na mwavuli wake.

"Mwalimu Tausi, hili jambo limeruhusiwa?"

"Halijakatazwa, mkuu."

Bwana Mandondo alitazama hema, akatazama tao. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Akakunja mwavuli, akaenda akausimika mahali palipokuwa panabonyea, akageuza uso pembeni kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Wasichana sita walipangwa kwenye mstari. Zawena alikuwa wa nje kabisa, peku. Mwalimu Tausi aliinama karibu naye.

"Umekunywa uji?"

"Nusu kikombe."

"Mzunguko wa kwanza usimfuate mtu. Wa pili usimfuate mtu. Wa tatu utaumia. Wa nne ni wako."

Filimbi ikalia.

Walikimbia juu ya waya zisizo na umeme tena, wakaruka mkia wa simba uliotandazwa kwenye kona, wakalizunguka kombe lililolala. Mzunguko wa kwanza Zawena alikuwa wa tatu. Wa pili alikuwa wa kwanza, na kelele zikaanza; wale watoto mia sita waliosimama tangu asubuhi bila kuona mchezo wowote sasa walipata wa kuutazama, na mistari yote ikavunjika. Ndani ya turubai Mama Zawena hakuona kitu. Alisikia nyayo, akaona miguu ya vumbi ikipita, akaitambua, ikapotea.

Mzunguko wa tatu fagio moja ilivunjika. Tao lilibonyea upande wa kushoto, likashuka mpaka usawa wa kifua, na fundi wa baiskeli akaanza kutetemeka mikono. Bwana Chogo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, kalamu mkono mmoja, paja la kuku mkono wa pili. Aliona hema kwa jicho moja na tao kwa jingine. Likigusa chini, angeandika nini kwenye taarifa? Kwamba tao la taifa lilianguka mbele ya afisa aliyepewa kulitunza? Alitupa paja la kuku, akajitosa chini ya turubai na suti yake, akanyoosha mikono miwili juu.

"Shikeni!" alipiga kelele akiwa humo ndani. "Shikeni jamani, anakuja!"

Zawena alipita ameinamisha kichwa kidogo, akanyooka, akaingia mzunguko wa mwisho. Mwalimu Tausi alikuwa kwenye mstari na saa yake ya kupimia mkononi, na alijitahidi asiitazame. Alimtazama mtoto. Alimwona akizunguka kona ya chooni, akiruka mkia wa simba kwa mguu wa kulia, akija, mdomo wazi, na magoti yale makubwa yakipanda na kushuka bila haraka yoyote kama si ya mtu anayekimbia. Akabonyeza.

Dakika mbili, sekunde thelathini na mbili.

Tao likaanguka lote kwa pamoja juu ya watu kumi na tisa na afisa mmoja. Kwa muda kulikuwa na vurugu chini ya turubai, kisha akatoka Mama Zawena akitambaa, na mwiko wake.

"Amepita mara ngapi?" aliuliza.

"Mara nne," alisema Mwalimu Tausi.

"Mimi nimeona miguu tu."

"Ilikuwa ndiyo yenyewe."

Bwana Chogo alitoka wa mwisho, nywele zimesimama, tai mgongoni. Mwalimu Tausi alikuwa tayari na fomu. Palikuwa na sehemu tisa za kueleza hali ya vifaa vya utukufu, na sehemu moja, chini kabisa, ya kuandika muda. Alimpa kalamu.

"Tao lilikuwa limesimama, Bwana Afisa?"

Bwana Chogo alijiangalia mikono. "Mimi mwenyewe nilikuwa chini yake," alisema kwa uchovu. "Sasa nitasemaje halikusimama?" Akasaini.

*

Zawena alichukuliwa. Barua ilikuja mwezi wa kumi, ikamtaja kwa jina lililokosewa herufi moja, na mama yake alimshonea sare mbili.

Lakini Bwana Chogo naye ilibidi aandike taarifa, na kwa kuwa hakuweza kueleza ni kwa nini jenereta lilikuwa kwenye soda, aliandika kwamba wananchi wa Udongo Mwekundu, kwa mapenzi yao makubwa kwa taifa, walijitokeza kwa hiari wakabeba tao kwa mikono yao. Taarifa ilipanda kutoka wilaya hadi mkoa, kutoka mkoa hadi wizarani, na wizarani Waziri akaisoma mara mbili. Wanaosema walikuwapo wanasema alitokwa na machozi tena.

Waraka Namba 15 ulifika shuleni mwezi wa kumi na moja. Ulisema mashine za kupuliza zinarudishwa, kwani imethibitika kuwa upepo wa kweli ni wananchi. Kila shule iunde Kikosi cha Wabeba Tao cha watu wazima arobaini, wenye sare, watakaofanya mazoezi mara tatu kwa juma katika uwanja wa shule, wakati wa vipindi vya michezo. Watoto wakati huo watakaa darasani ili wasiwasumbue. Shule ya Udongo Mwekundu imeteuliwa kuwa ya mfano, na Mwalimu Tausi Lukwaro ameteuliwa mkufunzi wa kikosi.

Bwana Chogo alipandishwa cheo.

Mwalimu Tausi aliufundisha ule mwiko na yale majembe kunyanyuka kwa pamoja na kushuka kwa pamoja. Hakulalamika, sauti ya kulalamikia ilikuwa imekwisha. Wazazi walikuja mara ya kwanza arobaini, mara ya pili thelathini na nane, na baadaye wale wasioweza kuja walituma barua za mganga.

Siku moja ya mwezi wa pili, kabla ya mazoezi, aliletewa barua. Ilikuwa ya Zawena, imeandikwa kwa penseli.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzima. Shule hii ni kubwa na tunakula wali siku mbili kwa wiki. Tuna tao letu wenyewe, si la turubai, ni la zege, lina taa na jina la Mheshimiwa. Uwanja wenyewe bado. Walimu wanasema utakuja awamu ya pili. Kwa sasa tunajifunza kupita chini ya tao kwa kutembea, na mimi nimekuwa wa kumi na nne kwa sababu nazungusha mikono vibaya. Mwalimu, nifanyeje?"

Aliisoma akiwa amekaa, viatu amevivua. Kisha akageuza waraka uliokuwa karibu, akaandika nyuma yake:

"Marahaba, Zawena. Muulize mpishi wenu barabara kuu iko upande gani, wapishi hujua. Ukishaijua, amka kabla ya wenzako, ukimbie pembeni upande wa kulia, ili magari uyaone yakija. Ukiulizwa unakwenda wapi, sema umetumwa."

Akaukunja, akaandika anwani. Nje wabeba tao walikuwa wamekwisha kulinyanyua, na mtu alikuwa anaita, "Mwalimu! Mwalimu Tausi, limesimama, njoo utuambie tulishushe lini!" Alikaa kidogo tena, kiatu kimoja mkononi.